Nilishuka Ukunguni

Habari ya safari niliipata jikoni, siku ya Idi yenyewe, nikikwangua ukoko wa wali kwenye sufuria kubwa kuliko beseni la kuogeshea mtoto. Madamu alisimama mlangoni, simu sikioni, akaishusha kidogo na kuniambia, "Kesho kutwa tunakwenda Salala. Funga nguo za watoto. Na zako."

Salala nilikuwa nikiiona kwenye televisheni ya sebuleni kila nilipopita na trei ya chai: milima ya kijani kusini mwa Omani, ng'ombe wakitembea ndani ya mawingu, bahari ikiwa chini yao. Wenyeji huyaita majira hayo kharifu. Kwenye vitabu vya Kiarabu kharifu ni majira ya majani kupukutika, lakini kule ndiyo majira ya ukungu unaopanda kutoka baharini na kulalia milima tangu katikati ya mwaka. Mwaka huo, kabla kidogo ya elfu mbili na kumi, Idi iliangukia mwishoni kabisa mwa kharifu. Dada zake madamu walikuwa wamemwambia huo ndio wakati wa kwenda: ukungu bado upo, na majani yameanza kugeuka rangi.

Mimi nimezaliwa Lushoto. Kwetu asubuhi huwezi kumwona mbuzi wako mpaka alie. Nilikuwa nimeishi Doha muda wa kutosha kusahau mvuke unaotoka kinywani mtu anapozungumza, na Ramadhani hiyo ilikuwa ya joto la kuunguza nyayo kwenye vigae vya uani. Niliposikia Salala, nilikwenda chumbani kwangu nyuma ya jiko nikatoa sweta la mama yangu chini ya sanduku. Lilikuwa linanuka nondo. Nikaliosha, nikalianika, likakauka kabla sijamaliza kuanika nguo nyingine.

Nyumba ile ilikuwa na bwana, madamu, mabinti wawili wa shule ya msingi, na mtoto mchanga wa kiume ambaye ndiye aliyekuwa kazi yangu hasa. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikambembeleza. Waliniita kwa jina la msichana aliyenitangulia, Mfilipino, kwa sababu mabinti walikuwa wameshalizoea. Siku ya kwanza nilisema jina langu mara tatu. Madamu akasema gumu. Halikuwa gumu. Lilikuwa na silabi mbili.

Tulikwenda na magari mawili. La mbele aliendesha bwana, na madamu na mabinti. La nyuma aliendesha dereva wa nyumba, Mpemba mtu mzima mwenye sauti ya chini, na humo ndimo nilimokaa mimi na mtoto, na maboksi ya barafu, na mazulia, na mkaa, na magunia ya mchele kana kwamba Omani hawali. Pasipoti yangu na ya dereva zilikuwa kwenye mkoba wa bwana. Tulipita mpaka wa Salwa, tukapita Saudia, tukapita Emirati, tukaingia Omani, na kote huko ni mchanga na mabomba ya mafuta na ngamia. Kwenye kila mpaka askari alichungulia ndani, akanitazama, akamtazama mtoto, akapunga mkono tupite.

Tulilala njiani kwenye nyumba ya wageni katikati ya jangwa. Siku ya pili alasiri, dereva aliniambia, "Dada, jiandae. Bado kidogo dunia itabadilika."

Sikumwamini. Mbele kulikuwa na mchanga tu. Kisha barabara ikapanda kilima, ikafika ukingoni, na upande wa pili hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe. Gari la bwana likaingia kwenye ule weupe likapotea, zikabaki taa zake mbili nyekundu zikipepesa. Dereva akapunguza mwendo, akawasha taa za dharura, akasoma dua kwa sauti. Matone yakaanza kutembea kwenye kioo. Ng'ombe akatokea upande wangu, mweusi, amelowa, akatafuna karibu kabisa na uso wangu, akayeyuka.

Nilifungua dirisha. Harufu iliyoingia ilikuwa ya udongo uliolowa na majani na kinyesi cha ng'ombe, harufu ya njia ya kwetu kwenda kisimani. Sikulia. Nilicheka kwa sauti mpaka mtoto akaamka na kucheka naye.

Gari la mbele likasimama kando, nasi tukasimama nyuma yake. Mabinti wakashuka wakipiga kelele, madamu akashuka na kamera. Nikamfunga mtoto blanketi, nikafungua mlango, nikatoa mguu mmoja.

"La, la," madamu alisema, akija mbio. "Wewe kaa na mtoto. Atapata baridi. Funga dirisha."

Nikarudisha mguu.

Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo, na siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Tulikodi nyumba mjini, chini, kwenye uwanda wa pwani ambako minazi na migomba imejipanga kama Tanga, na kila asubuhi tulipanda milimani. Walishuka kwenye maporomoko ya maji, mimi nikabaki garini. Walishuka kwenye bonde lenye ziwa, nikabaki garini. Walishuka kuona bahari kutoka juu ya jabali, nikabaki garini, injini ikinguruma, kiyoyozi kikivuma, kioo kikijaa mvuke wa pumzi zetu. Nilikuwa nikikifuta kwa nepi safi, kinajaa tena. Kupitia duara hilo nililofuta niliona magauni ya mabinti yakizungukazunguka ndani ya ukungu. Jioni nilipika, nikaosha vyombo, nikaosha matope kwenye viatu vyao. Matope yale ndiyo sehemu pekee ya mlima niliyoigusa.

Dereva alikuwa huru zaidi kidogo. Alishuka kunyoosha miguu, kuswali, kununua mahindi ya kuchoma. Akirudi ananimegea hindi na kunisimulia. "Kuna mti kule umekuwa wa manjano mtupu. Majani yanadondoka huku wewe wayatazama."

"Mbona unanisimulia kama mimi kipofu?"

Akapangusa chembe za mahindi mdomoni. Kisha akasema kwa upole, "Hasira za nini, dada'ngu? Sisi tumekuja kazini."

"Wao wamekuja na mtoto wao. Mbona wao hawamshiki hata kwa zamu?"

"N'kwambie kitu," alisema. "Mimi nina miaka mingi huku. Mtu ashuke, asishuke, mshahara ni uleule. Wewe usijitafutie makubwa kwa sababu ya ukungu."

Alinitakia mema, najua. Lakini maneno hayo, *kwa sababu ya ukungu*, yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anapokunyima chakula, kila mtu anaona ni dhuluma. Akikunyima kutazama, utaonekana mjinga kulalamika. Usiku ule, nikimnyonyesha mtoto chupa yake, niliamua kwamba sitarudi Doha bila kukanyaga mlima ule kwa miguu yangu mwenyewe. Sikupanga namna. Niliamua tu.

Siku ya mwisho tulikwenda upande wa mashariki, kwenye vilima ambako kharifu ilikuwa imeanza kuondoka. Ukungu haukuwa blanketi tena. Ulikuwa vipandevipande, unapita, unaacha uwazi, unafunga tena. Na kwenye ule uwazi ndipo nilipoziona rangi. Nyasi zilizokuwa kijani zimekuwa za dhahabu iliyofifia. Miti midogo mteremkoni imekuwa ya manjano, mingine rangi ya kutu. Mkuyu mmoja mkubwa ulikuwa nusu kijani nusu manjano.

Tulisimama. Zulia likatandikwa. Bwana akawasha moto wa mkaa akaanza kupanga nyama, kwa sababu safarini alipenda kuchoma mwenyewe. Madamu akaenda mbali kidogo kupiga picha. Binti mdogo akaja dirishani kwangu akigonga kioo kwa jani la manjano. "Njoo uone! Mti umepakwa bizari!"

Nikashusha kioo. Madamu akamwona, akapaza sauti kutoka huko aliko: "Mwache, yuko na mtoto!"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa macho, ameshiba, anachezea kamba ya sweta langu. Nikamfunga blanketi mara mbili, nikamvalisha kofia ya sufi, nikafungua mlango, nikashuka kwa miguu yote miwili. Dereva, aliyekuwa ameegemea boneti, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, dada." Nikampita.

Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana. Kwenye nyumba ile mimi sikuwa nazungumza na bwana. Kama alitaka kitu alimwambia madamu, madamu akaniambia. Alinyanyua macho kutoka kwenye nyama akanishangaa.

Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini kilitosha. "Baba, mtoto ameamka. Ameshiba, nepi yake kavu, hana homa. Mshike."

"Madamu yuko wapi?"

"Pale. Anapiga picha."

"Na wewe?"

"Nakwenda kutembea. Nitarudi."

Sijui alikuwa anangoja niseme nini. Sikuongeza neno. Nilimnyooshea mtoto, naye, kwa sababu mtu akinyooshewa mtoto mikono hujiendea yenyewe, akampokea, koleo la nyama likiwa bado mkononi. Mtoto akalishika koleo. Bwana akaliondoa haraka, akalitupa chini, akambeba vizuri. Nikaona kwamba anajua kubeba. Nikageuka, nikaondoka.

Nilitembea mpaka kwenye mkuyu, nikauzunguka, nikaendelea. Nyasi zilinilowesha sketi mpaka magotini. Nilishika kila kitu nilichopita: gome, mawe yenye kuvu, majani. Niliokota jani jekundu kama ulimi, nikalitafuna, chungu, nikalitema. Mawingu yakaja yakanifunika, nikasimama katikati yake na kuvuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nyuma yangu nikasikia madamu akiita. Aliita lile jina la Mfilipino. Aliita tena, kwa nguvu zaidi. Jina likaja ukunguni, likanipita, likateremka bondeni. Halikuwa langu, nililiacha liende.

Nikaendelea kupanda, na ukungu ukawa mzito, nikawa naona mikono yangu tu. Ndipo sauti ya mwanamke mzee ikanikemea kwa Kiswahili, tena cha Unguja mjini: "We mwana! Usende mbele! Hapo pana korongo!"

Nilisimama kama niliyeshikwa bega. Ukungu ulipopasuka kidogo niliona kweli, hatua chache mbele ardhi inakatika. Kushoto kwangu, chini ya mkwaju, alikuwa ameketi bibi mnene wa Kiomani kwenye kiti cha kukunja, amejifunika shali mbili, birika la kahawa miguuni.

"Bibi, umejuaje kama najua Kiswahili?"

"Nimejuaje? Si unajisemesha mwenyewe tangu kule chini. 'Nitarudi nikitaka, nitarudi nikitaka.' Nani asiyekusikia?"

Nilikuwa sijui kama nimesema kwa sauti. Akanicheka, akanimiminia kahawa. Alizaliwa Unguja, aliniambia, akaondoka akiwa msichana wa kuvunja ungo, na sasa anaishi mji wa Nizwa, kaskazini mwa Omani. Wanawe humleta huku kila mwaka, naye hapendi. "Baridi inaniingia magotini. Wao wanasema, mama, tazama ukungu. Ukungu wa nini? Natazama nini ndani ya ukungu?" Kisha akanitazama sweta, sketi iliyolowa, viatu vya plastiki. "Umetoroka?"

"Sijatoroka. Nimeshuka garini."

"Walikukataza?"

"Walinikataza."

"Basi kunywa kahawa yako usiharakishe. Ugomvi haupoi kama kahawa."

Nilikunywa vikombe vitatu. Hatukuzungumza mambo makubwa. Nilimwambia kwetu ni Tanga, akaniuliza kama huko bado kuna mikate ya ajemi, nikamwambia ipo. Alilalamika juu ya wake za wanawe. Niliangalia mteremkoni, ambako jua lilikuwa limepata tundu, na kilima kizima cha manjano na kutu na kijani kilichochakaa kikawaka, kikazimika. Nilikuwa nimekaa, nimeshika kikombe, sina mtoto mapajani, sina kioo usoni. Sikuwaza kwamba nitaadhibiwa. Niliwaza kwamba hata wakinirudisha nyumbani leo, hili haliwezi kurudishwa.

Nilipomaliza nikamshukuru, nikashuka. Nilitembea, sikukimbia.

Madamu alikuwa amesimama kando ya gari, mtoto begani mwake, uso umemwiva. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, na siku hiyo nilimwona hivyo kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa wapi? Nimekuita!"

"Nilikwenda kutembea."

"Ulimwacha mwanangu kwenye moto, kwa mwanamume anayechoma nyama!"

"Nilimwacha kwa baba yake."

Bwana, aliyekuwa anakula, alikohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, na hilo likamwudhi madamu kuliko jibu langu. Akaniambia nimemwaibisha. Akaniambia tukifika Doha tutaonana. Akaniambia kuanzia sasa mtoto hatapanda gari langu, atakaa naye, maana mimi siaminiki.

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu: kurudi bila mtoto. Nilikaa kiti cha mbele, nikashusha kioo mpaka chini, nikatoa kiwiko nje. Tuliteremka vilima vile mchana kweupe, ukungu ukiingia na kutoka kama ndani mwetu ni kwake. Dereva alikitazama kiwiko changu, akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Adhabu gani hii? Hata mimi naitaka."

Tukacheka wote wawili. Halafu akawa hacheki. "Watakurudisha, dada."

"Wanirudishe."

"Huogopi?"

Nilimwambia ukweli. Naogopa. Nyumbani kuna watu wanaonitegemea, na nikirudi kabla ya mkataba kwisha wataniuliza nilifanya nini, na nikisema nilishuka garini hakuna atakayeelewa. Lakini hofu ile haikunifanya nitamani kuwa nilibaki ndani. Nilijipima mara nyingi njiani, jangwa lote lile, nikijichokonoa kama mtu anayebonyeza jino kuona kama linauma. Majuto sikuyakuta.

Doha tuliikuta na joto lake. Siku mbili madamu alinitumia maagizo kupitia mabinti. Siku ya tatu aliniita sebuleni, dada yake mkubwa akiwa amekaa kando yake, na mimi nikasimama kwenye ukingo wa zulia nilikozoea kusimama.

"Omba radhi," alisema, "tusahau."

"Kama mtoto alipata baridi, nisamehe."

"Hakupata baridi."

"Basi sina la kuombea radhi."

Dada mkubwa akasema kitu kwa haraka ambacho sikukielewa chote. Nilisikia neno maktabu, yaani ofisi ya wakala iliyonileta. Madamu akanigeukia. "Unajua naweza kukurudisha ofisini leo hii?"

"Najua. Nirudishe. Lakini nikibaki, kila Ijumaa baada ya swala nitatoka mpaka magharibi. Mkataba unasema nina siku ya mapumziko. Sijawahi kuipata."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Ningependa kusema niliutoa mlimani, lakini nadhani ulikuwa umekaa ndani yangu muda mrefu na ulikuwa umechoka kukaa.

Walinitazama. Mtoto akaanza kulia chumbani, kilio kile cha kuamka ambacho mimi tu ndiye niliyejua kukitofautisha na kilio cha njaa. Hakuna aliyenyanyuka. Mimi pia sikunyanyuka. Alilia, kilio kikapanda. Mwishoni madamu akasema, "Nenda," nami nikauliza, "Ofisini au kwa mtoto?" Akafumba macho. "Kwa mtoto."

Ijumaa iliyofuata, nilipomaliza vyombo vya mchana, nilivaa baibui langu nikatoka kwa mlango wa mbele. Sikuomba, niliaga. Nilipanda basi mpaka mtaa wa Najma, nikazunguka vichochoro vyake vyote, maduka ya vitambaa, mafundi simu, vijana wa Kikenya waliokuwa wakibishana mpira kwa Kiswahili kilichojaa maneno nisiyoyajua. Nilinunua chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, nikainywa nimesimama, watu wakinipita bila kunitaka kitu. Jua lilikuwa kali na vumbi lilikuwa jingi, wala sikuona kitu chochote kizuri kwa macho. Nilirudi magharibi kama nilivyosema.

Sisemi kwamba madamu alibadilika. Hakuwa rafiki yangu, na sikutaka awe. Ijumaa nyingine alinitafutia kazi ya ghafla, mimi nikaimaliza nikatoka nimechelewa, lakini nikatoka. Mkataba ulipokwisha alinikuta nakunja nguo za mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea, akaniambia bwana amekwisha andaa karatasi za kuongeza miaka miwili.

"Sitaongeza," nilimwambia.

Akakaa kitandani. "Kwa nini? Hatukukupiga. Hatukukunyima chakula. Chumba tulikupa."

"Ni kweli."

"Basi umekosa nini kwetu?"

Ningeweza kumwambia mengi. Nilimtazama, nikaona kwamba anauliza kweli, hajui, na kwamba kazi ya kumfundisha haikuwamo katika mkataba wangu. Nikamaliza kukunja fulana niliyoishika, nikaiweka juu ya nyingine.

"Naondoka tu, madamu," nilisema. "Pasipoti yangu naitaka kesho asubuhi, mkononi mwangu."